Kufungua Barua Pepe kwenye Simu Yako Mwenyewe: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Wengi wetu tuliokulia Kongwa, Bahi, Manyoni au Kondoa tulijaza fomu kwa kutumia S.L.P. za watu wengine. Tuliandika sanduku la shule iliyokuwa karibu, la parokia, la msikiti au la ofisi ya kata, kisha tukamsubiri mtu aliyekwenda mjini arudi na bahasha, na haikuwa ajabu barua ya kuitwa kwenye usaili kufika wiki moja baada ya usaili wenyewe kupita. Barua pepe imeondoa sababu ya kuazima sanduku, kwa kuwa kuifungua hakulipiwi na simu janja ya bei ya kawaida inatosha. Hata hivyo, tabia ya kuazima imebaki. Kila dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, na kila Sekretarieti ya Ajira inapotangaza nafasi, vijana hupanga foleni kwenye steshenari na kumwachia mhudumu kazi yote: yeye ndiye anayechagua anwani, yeye ndiye anayetunga nenosiri, na mara nyingi namba ya simu inayowekwa ni yake kwa sababu ndiyo iliyo karibu.

Nimewahi kukaa siku nzima na binti mmoja wa wilaya ya Bahi aliyefunguliwa akaunti kwa njia hiyo. Miezi kadhaa baadaye alitaka kuingia kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za Serikali, akakuta nenosiri lililoandikwa nyuma ya risiti limefifia, na namba iliyowekwa kwa ajili ya kuirejesha akaunti ilikuwa ya mhudumu aliyekwisha kuacha kazi. Akaunti ile hatukuipata tena. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii kwenye namna ya kubonyeza vitufe. Unakwenda mpaka kwenye namna ya kuhakikisha kwamba barua pepe ni yako, na kwamba itabaki kuwa yako hata simu ikiibwa Majengo au ikitumbukia kwenye ndoo ya maji.

Maandalizi

Kitu cha kwanza ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA na kwa alama ya kidole chako mwenyewe. Bonyeza *106# ufuate maelekezo ili uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Ikiwa laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la kaka au la mjomba, ni bora usajili yako kwanza kabla ya kuendelea. Sababu yake ni hii: siku simu itakapopotea, mtandao wa simu utakurudishia namba ile ile kwenye laini mpya pale tu utakapothibitisha kwa kidole kwamba ni yako, na kwa namba hiyo utaweza kuirejesha barua pepe. Ukitumia laini ya mjomba aliye Mwanza, utamsubiri mjomba.

Pili, tafuta mahali penye mtandao mzuri na uwe na bando, hata dogo. Kazi yenyewe haili data nyingi, lakini utatumiwa msimbo kwa ujumbe mfupi ambao hufanya kazi kwa muda mfupi tu, hivyo mtandao unaokatikakatika utakufanya urudie mara tatu au nne. Weka pia salio kidogo kwenye laini, kwa sababu wakati mwingine Google haitumi ujumbe bali hukuomba wewe uutume kutoka kwenye namba yako. Tatu, andaa daftari na kalamu. Matumizi yake utayaona mbele.

Ikiwa simu umeinunua ikiwa imetumika, fungua sehemu ya mipangilio, ile yenye picha ya gurudumu la meno, uingie kwenye akaunti uangalie kama kuna anwani ya mtu mwingine. Ikiwapo, mwenye nayo aiondoe mwenyewe, au muuzaji amtafute aiondoe. Usiendelee kutumia simu iliyo na akaunti ya mtu usiyemjua, kwa sababu namba unazohifadhi na picha unazopiga zinaweza kuwa zinakwenda kwake. Usikimbilie pia kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani bila akaunti hiyo kuondolewa, maana inaweza kudai nenosiri la mwenyewe wa zamani kabla ya kukubali kuwaka kama kawaida.

Katika mipangilio hiyo hiyo unaweza kubadili lugha ya simu iwe Kiswahili. Ninawashauri watu wafanye hivyo angalau kwa siku ya kufungua akaunti, ili kila swali walijibu wakiwa wamelielewa. Maneno ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya simu moja na nyingine, hivyo fuata maana kuliko neno lenyewe.

Kufungua akaunti

Nimechagua Gmail kwa sababu simu nyingi zilizo mikononi mwa watu hapa zinatumia Android, na simu hizo huhitaji akaunti ya Google ili kupakua programu kutoka Play Store. Yahoo na Outlook nazo ni huduma nzuri za bure, na aliyekwisha kuwa na anwani huko hana haja ya kuiacha.

Rudi kwenye mipangilio, ingia kwenye akaunti, chagua kuongeza akaunti, kisha Google. Utaombwa uingie, wewe chagua kitufe cha kufungua akaunti mpya, na ukiulizwa ni ya nani, chagua kuwa ni ya matumizi yako binafsi.

Jina utakaloandika ndilo litakaloonekana kwa kila utakayemwandikia. Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye vyeti vyako, herufi kwa herufi. Tuna tabia ya kuwa na jina la shuleni, la ubatizo na la nyumbani, na tofauti hizo tayari zinawasumbua wengi kwenye uhakiki wa vyeti. Hakuna sababu ya kuongeza la nne kwenye barua pepe.

Tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli. Mtu mwenye haraka huacha mwaka uliojitokeza wenyewe au hugusa mwaka wowote ulio karibu, na mfumo humchukua kuwa ni mtoto. Aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi kumiliki akaunti ya kawaida peke yake, kwa hiyo akaunti ya mtu mzima iliyojazwa mwaka wa uongo inaweza kufungwa, na kuifungua tena hudai kuthibitisha umri.

Sasa unafika kwenye anwani yenyewe, na hapa ningependa usimame kidogo. Google itakupendekezea anwani mbili tatu zenye tarakimu nyingi, lakini ipo nafasi ya kutunga yako. Tumia majina yako mawili, ukiyatenganisha kwa nukta ukipenda. Kwenye Gmail, sehemu iliyo kabla ya alama ya @ inatakiwa kuwa na herufi au tarakimu kati ya 6 na 30, na nukta haihesabiwi kuwa tofauti: anwani yenye nukta na ile ile isiyo na nukta zote huleta barua kwenye kikasha kimoja. Herufi kubwa na ndogo nazo ni mamoja. Alama ya ritifaa haikubaliki, jambo linalowagusa watu wenye majina yenye ng', ambayo hapa kwetu ni mengi. Wao waandike ng bila ritifaa kwenye anwani na waibakize kwenye jina. Jina lako likiwa limekwisha kuchukuliwa, ongeza jina la babu kabla ya kufikiria tarakimu. Tarakimu zikilazimika, epuka sifuri, ambayo hufanana na herufi o, na moja, ambayo hufanana na l, kwa sababu siku moja utamsomea mtu anwani hiyo kwa simu huku upepo wa Dodoma ukivuma. Usiweke majina ya utani, ya timu ya mpira wala ya mchumba, kwani anwani hiyo hiyo itasomwa na mwajiri.

Nenosiri liwe na herufi zisizopungua 8, lakini ninakushauri uende mbali zaidi ya hapo. Nenosiri refu lililotungwa kwa maneno manne yasiyohusiana, yaliyochanganywa na tarakimu, ni gumu kubahatisha na ni rahisi kukumbuka kuliko neno fupi lililojaa alama. Maneno yanaweza kutoka popote: chombo cha jikoni, mnyama, kijiji ulichowahi kulala, zao la shambani. Usitumie namba yako ya simu, mwaka wa kuzaliwa au jina la mtoto, wala usirudie namba ya siri unayotumia kwenye M-Pesa au huduma nyingine ya fedha. Liandike kwenye daftari mara moja kabla hujabonyeza kitufe cha kuendelea.

Ukifika kwenye namba ya simu, weka yako, ukichagua Tanzania ili itangulizwe na +255. Msimbo utakaoletwa kwa kawaida huanza na herufi G na kistari, ukifuatwa na tarakimu 6. Ukiambiwa kwamba namba imetumika mara nyingi mno, maana yake ni kwamba imekwisha kufungulia akaunti nyingi, kama zilivyo namba nyingi za steshenari. Baada ya hapo utaoneshwa masharti ya matumizi. Yasome, hasa sehemu inayoeleza taarifa zinazohifadhiwa, kisha ukubali. Akaunti iko tayari, na programu ya Gmail, ambayo kwa kawaida huja na simu, itaonesha kikasha chenye barua moja au mbili za kukukaribisha.

Kuifunga milango

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo matatizo yote niliyoyaona yalipoanzia. Kabla hujaiweka simu mfukoni, fungua mipangilio, gusa Google, kisha usimamizi wa akaunti, uingie sehemu ya usalama.

Hakikisha namba ya kurejeshea akaunti ni yako. Ongeza na anwani ya pili ya kurejeshea, iwe ya mtu unayemwamini kwa dhati kama mke, mume au dada, ukijua kwamba msimbo wa kufungulia akaunti yako unaweza kupitia kwake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake huweza kupewa mtu mwingine, kwa hiyo ukibadili mtandao wa simu, badili namba hii siku hiyo hiyo.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili. Ukishauwasha, mtu aliyepata nenosiri lako hataweza kuingia kwenye simu nyingine bila msimbo au idhini kutoka kwako. Ndani ya sehemu hiyo utakuta misimbo ya akiba: ni 10, kila mmoja una tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Hii ndiyo kazi kubwa ya daftari. Nakili misimbo yote kwa mkono, kata ukurasa huo, uuweke kwenye bahasha moja na vyeti vyako vya shule na cha kuzaliwa. Simu ikiibwa ukiwa safarini, misimbo hiyo itakuingiza kwenye akaunti kabla hata hujarudishiwa laini. Usiipige picha kwa simu, kwa kuwa simu ikiibwa na picha huondoka nayo.

Msimbo wowote, wa akiba au wa ujumbe mfupi, hapewi mtu. Watu wale wale waliotuzoesha ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" sasa hupiga simu wakijifanya watoa huduma na kuomba "namba iliyoingia kwenye simu yako". Ukipata ujumbe wa kitapeli wa namna hiyo, unaweza kuupeleka kwenye namba 15040 iliyotengwa kwa ajili hiyo.

Ikiwa akaunti yako ilifunguliwa na mtu mwingine

Usiitupe ikiwa bado unaweza kuingia, hasa kama ndiyo uliyojisajilia Ajira Portal, mikopo, chuo, au BRELA kwa ajili ya jina la biashara. Mifumo hii hutuma taarifa, na mara nyingi hata kiungo cha kubadilishia nenosiri, kwenye anwani uliyosajili, hivyo anayeishika barua pepe anashika na hayo mengine.

Fanya mambo yafuatayo kwa mpangilio huu, kwa kuwa mpangilio wenyewe una maana. Anza kwa kuingiza akaunti kwenye simu yako. Halafu badili nenosiri, ili aliyelitunga asiweze kurudi. Nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, utoe kila kompyuta na simu usiyoitambua. Ondoa namba ya kurejeshea ya mhudumu uweke yako, na uondoe anwani ya pili ikiwa si unayoijua. Google inaweza kuendelea kuikubali namba ya zamani kwa siku 7 baada ya mabadiliko, kwa hiyo katika wiki hiyo soma kila taarifa ya usalama itakayoingia. Mwisho fungua Gmail kwenye kivinjari, kwenye kompyuta ya rafiki ikibidi, uangalie katika mipangilio kama barua zako zinasambazwa kwenye anwani nyingine bila wewe kujua, ukikuta, futa. Ukimaliza kwenye kompyuta hiyo, toka kwenye akaunti kabisa, maana kufunga ukurasa hakukutoi.

Kwa walio na nenosiri lililopotea, jaribu kuirejesha akaunti ukiwa kwenye simu uliyowahi kuitumia na mahali ulipozoea kuitumia, kwani Google huvizingatia vitu hivyo. Ukishindwa, fungua mpya leo na uanze kubadili anwani kwenye kila mfumo uliojisajili, bila kusubiri tangazo la kazi.

Bando na barua

Ukishaweka akaunti kwenye simu mpya, simu inaweza kuanza kupandisha picha zako zote Google na kusasisha programu zote kwa wakati mmoja, na watu husema barua pepe imemaliza bando. Fungua programu ya picha uzime uhifadhi wa nakala, au uuruhusu kwa Wi-Fi tu. Fanya vivyo hivyo kwenye Play Store kwa masasisho. Nafasi ya bure ni GB 15, na barua, picha na mafaili yako yote hugawana nafasi hiyo moja.

Barua ya kwanza jiandikie mwenyewe au mwandikie ndugu, ukiambatisha cheti. Gusa alama ya kalamu, andika anwani ya mpokeaji, kisha mada inayosema jambo lenyewe, kwa mfano "Maombi ya nafasi ya Mhudumu wa Ofisi" badala ya "Habari". Baada ya mwili wa barua, gusa alama ya kibanio cha karatasi kuambatisha faili. Jumla ya viambatisho isizidi MB 25. Kabla ya kuambatisha, fanya vyeti kuwa faili moja la PDF kwa kutumia programu ya Drive, ambayo ina kamera ya kuskani, na ulipe faili jina lako. Mtu anayepokea mafaili mia yenye majina ya tarakimu tupu hatajua lako ni lipi. Usiandike barua ndani ya mada huku mwili ukiwa mtupu, kosa ambalo nimeliona hata kwa wahitimu wa vyuo.

Unapojaza anwani yako kwenye fomu za mitandaoni, angalia kibodi ya simu, kwa kuwa huongeza nafasi tupu baada ya neno la mwisho na mfumo ukaikataa anwani iliyo sahihi. Angalia pia mwisho wake ni gmail.com, wapo wanaoandika gmail.co.tz wakidhani wanaitanzanisha, na barua zao haziwafikii.

Usikague kikasha peke yake. Gusa mistari mitatu iliyo juu kushoto ufungue folda ya Taka, ile inayoitwa Spam kwa Kiingereza, kwa sababu barua ya kweli kutoka mfumo mpya huweza kutupwa huko, na kilichomo hufutwa chenyewe baada ya siku 30. Ukipata barua ya kuitwa kazini, soma kilicho baada ya alama ya @ kabla ya kufurahi: ofisi za Serikali hutumia anwani zinazoishia na .go.tz, na barua inayosema imetoka wizarani Mtumba huku ikitumwa kutoka anwani ya kawaida ya Gmail na kudai ada, iache.

Wenye iPhone wapakue programu ya Gmail kutoka App Store na kufungua akaunti humo. Hatua zilizobaki ni zile zile. Watumishi wa umma waliopewa anwani za ofisi wapate maelekezo ya kuziweka kwenye simu kutoka kitengo cha TEHAMA, na waendelee kuwa na ya kwao binafsi kwa mambo ya benki, shule za watoto na viwanja, kwa kuwa ya ofisi hubaki ofisini mtumishi anapohama au kustaafu.

Jambo moja linawahusu zaidi walio shambani kwa msimu mrefu bila bando. Google imejipa haki ya kufuta akaunti binafsi ambayo haikutumika kwa miaka 2, pamoja na barua na picha zote zilizomo. Kuingia na kufungua barua moja kunatosha kuhesabiwa kuwa inatumika, kwa hiyo kila uendapo mjini kuuza mahindi au zabibu, ukishanunua bando, fungua kikasha kwanza, uangalie na Taka, kabla hujarudi nyumbani.